Msomaji Haji na Tarehe

Mtu anayependa vitabu, na ambaye huandika maoni yake kila amalizapo kimoja, baada ya miaka kadhaa hujikuta na rundo la maandiko ambalo hata yeye mwenyewe halipekui tena. Mwalimu wa Kiswahili wa Keroka, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii, katibu wa chama cha wasomaji katika shule ya upili kule Nyamira, wote huanza vilevile. Andiko la kwanza huingia kwenye daftari au kwenye simu, la pili hulifuata, la tatu hukaa juu yake, na mpangilio hujizua bila mtu kuuamua: lililoandikwa mwisho ndilo linaloonekana kwanza. Mpangilio huo unamfaa sana aliyeandika. Anakumbuka kwamba Utengano alikisoma likizo ya Agosti, na kwamba Chozi la Heri alikimalizia kwenye matatu. Msomaji hana kumbukumbu hizo. Yeye huja na jina la mwandishi, au jina la kitabu analolijua nusu, au jambo linalomkera moyoni ambalo angependa kujua limeandikwa wapi. Haji na tarehe. Kwa hiyo ninalotaka kusema ni hili moja: ukitaka tahakiki zako za zamani zisomwe, zipange kwa maswali ya anayezitafuta, si kwa historia yako ya kusoma, na ili kufanya hivyo huhitaji kuhamisha wala kuandika upya chochote, unahitaji faharasa.

Ushahidi wa karibu zaidi uko kwenye vitabu teule vya fasihi. Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora kilitahiniwa katika KCSE kuanzia 2013 hadi 2017. Mwaka uliofuata zamu ikawa ya Chozi la Heri cha Assumpta Matei. Baadaye ikaja Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Wakati wa zamu, andiko linalochambua kitabu kama hicho huombwa na kila mtahiniwa. Zamu ikipita, maandiko ya kitabu kipya hulifunika, na aliyepanga kwa tarehe huona ni sawa tu lifunikwe, maana hakuna mtahiniwa anayelidai tena. Lakini riwaya haifi mtihani wake unapokwisha. Anayesomea ualimu bado atamhitaji Mtemi Nasaba Bora wa Walibora, na anayetaka kumlinganisha mtawala huyo na Majoka wa Pauline Kea katika tamthilia ya Kigogo atahitaji tahakiki zote mbili mezani kwa wakati mmoja. Zaidi ya hayo, mfumo wenyewe wa elimu uko njiani kuondoka: kundi la mwisho la 8-4-4 linatarajiwa kufanya KCSE mwaka wa 2027. Faili iliyoandikwa juu yake "KCSE 2015" itakuwa fumbo kwa mwanafunzi ambaye hakuwahi kuusomea mtihani huo. Kitabu kiingizwe chini ya jina la mwandishi na chini ya jambo kinalolizungumzia. Habari ya mtihani ibaki maelezo ya mstari mmoja.

Jambo linalozungumziwa ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, na ndilo linaloachwa mara nyingi, kwa sababu linadai mwandishi afikiri badala ya kunakili jalada. Chukua ukeketaji. Ni suala ambalo Kisii na Nyamira wanalijua kwa karibu; katika utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2014, takriban asilimia 84 ya wanawake wa jamii ya Wakisii walikuwa wamepitia kitendo hicho. Msichana wa kidato cha tatu, muuguzi, au mchungaji anayeandaa mazungumzo na vijana anaweza kuuliza ni vitabu gani vimeligusa jambo hilo. Jibu lipo. The River Between cha Ngũgĩ wa Thiong'o, kilichotoka mwaka 1965, kimejengwa juu ya mzozo kuhusu jambo hilo katika nchi ya Wakikuyu. Blossoms of the Savannah cha H. R. ole Kulet, cha mwaka 2008, kinaurudia miongoni mwa Wamaasai. Tahakiki za vitabu hivi viwili zikipangwa kwa siku zilipoandikwa, zinaweza kutenganishwa na nyingine hamsini za mambo yasiyohusiana kabisa. Zikipangwa kwa majina ya vitabu, hakuna neno kwenye majalada litakalomwongoza msomaji. Zikiwekwa chini ya kichwa kimoja, Ukeketaji, hukutana, na kukutana kwao kunazaa swali la tatu ambalo hakuna tahakiki iliyoliuliza peke yake: kwa nini msomaji wa Kisii asome habari hii ikisimuliwa kwa jamii nyingine tu, na ni nani ameiandika kutoka nyumbani? Hapo faharasa imeanza kumfundisha hata mwenye maandiko.

Majina ya watu yanahitaji uangalifu wa namna nyingine. The River Between niliyoitaja ilichapishwa kwa jina la James Ngugi, kama zilivyochapishwa Weep Not, Child ya 1964 na A Grain of Wheat ya 1967. Nakala kuukuu zenye jina hilo bado zipo mikononi mwa watu, na mwandishi yuleyule ndiye ulimwengu unayemwita Ngũgĩ wa Thiong'o. Ken Walibora naye, kwenye maandishi yake ya kitaaluma, huonekana kama Ken Walibora Waliaula. Ukiandika kila tahakiki kwa jina ulilolikuta kwenye jalada la siku hiyo, utamgawa mtu mmoja mara mbili, na msomaji atapata nusu ya ulichonacho akidhani ni yote. Teua jina moja, liandike vilevile kila mara, kisha mahali pa lile jingine weka mstari wa kuelekeza: James Ngugi, tazama Ngũgĩ wa Thiong'o. Kuhusu kuanza na jina la kwanza au la ukoo, vitabu vya kitaalamu vina kanuni zake, lakini mimi ningefuata mdomo wa mwalimu darasani. Watu husema Walibora, basi awe kwenye W. Husema Shaaban Robert, si Robert Shaaban, basi awe kwenye S. Ngũgĩ kumweka kwenye T ni kumficha.

Kwenye majina ya mahali, wakazi wa kaunti za Kisii na Nyamira wana kazi ya ziada. Vitabu kuhusu eneo hili ni vingi kuliko wengi wanavyodhani: Philip Mayer aliandika juu ya sheria na desturi za mahari ya Wagusii (Wakisii) mwaka 1950, Robert na Barbara LeVine walitoa Nyansongo, kuhusu maisha na malezi katika jamii moja ya Kigusii, mwaka 1966, William Ochieng' alichapisha historia ya Wagusii kabla ya ukoloni mwaka 1974, Robert Maxon akafuatia mwaka 1989 na historia ya Wagusii na Waingereza kuanzia 1907 hadi 1963. Katika maandishi ya kikoloni eneo hilohilo huitwa South Kavirondo, baadaye South Nyanza; kisha ikaja wilaya ya Kisii, Nyamira ikakatwa kutoka kwake, na tangu 2013 tuna serikali mbili za kaunti. Ukiweka kichwa cha Kisii peke yake, msomaji wa Ekerenyo au Nyansiongo ana haki ya kudhani hayumo. Ukiweka vichwa viwili, kitabu cha Ochieng' utakikata vipi katikati, wakati mipaka anayoizungumzia haikuwa ya kaunti? Ningeweka kichwa kimoja, Gusii, kikifuatwa na mielekezo kutoka Kisii, Nyamira, Abagusii na South Kavirondo. Na usiishie kwenye majina ya vitabu. Watu wa hapa wakiulizia historia huulizia watu na matukio: Otenyo aliyemchoma mkuki afisa wa kikoloni Northcote mwaka 1908, au Moraa na Sakagwa wanaokumbukwa katika historia ya Wagusii. Jina la Otenyo haliko kwenye jalada la Maxon, lakini mwaka 1908 umo ndani ya miaka anayoisimulia. Tahakiki yako ikiwa imemtaja Otenyo hata kwa aya moja, faharasa iseme hivyo.

Sasa kazi yenyewe. Kipe kila andiko namba ya kudumu, kuanzia la kwanza kabisa hadi la jana, kwa utaratibu huohuo wa tarehe ulionao. Namba hiyo isibadilike kamwe, hata andiko likifutwa. Pengo likitokea, liache. Kisha fungua daftari jingine, au jedwali kwenye kompyuta kama unayo, na kwa kila namba andika mwandishi, jina la kitabu, mwaka kilipotoka, vichwa vya mada viwili au vitatu, na mstari mmoja unaosema tahakiki inajibu nini. Mstari huo wa mwisho usiudharau. "Riwaya nzuri yenye mafunzo" haimsaidii mtu. "Inalinganisha watawala wawili na kuuliza kwa nini raia huchelewa kuwapinga" inamwambia kama afungue au apite. Faili za kwenye simu zianze na namba, kisha mwandishi, kisha kitabu, mfano "047 Kulet Blossoms". Picha ya ukurasa wa daftari inayobaki na jina la tarakimu ililopewa na kamera ni sawa na kitu kilichotupwa.

Vichwa vya mada viwe vichache. Hapa ndipo wapenzi wa vitabu huharibu, kwa kuwa kila kitabu huonekana kwao cha pekee na kustahili kichwa chake. Kichwa chenye tahakiki moja hakikusanyi chochote. Chenye tahakiki arobaini nacho hakikusanyi, kinarundika tu. Mapenzi na Maisha ni vya namna hiyo. Kwa maandiko kama mia mbili, vichwa kumi na vitano hadi ishirini vinatosha, na vichukuliwe kutoka midomoni mwa wanaouliza: Ardhi, Mahari, Ukeketaji, Uongozi, Shule na walimu, Uhamiaji mjini, Dini, Gusii. Ukigundua umeandika Utawala mahali pamoja na Uongozi pengine, chagua kimoja na kingine kiwe mwelekezo. Sokoni Daraja Mbili mnunuzi huuliza zilipo ndizi, si mwenye ndizi aliingia saa ngapi; lakini pia hangefurahi akikuta kila mkungu una kibao chake.

Kuna watakaosema: mbona tujitungie, wakati maktaba zina utaratibu wake wa namba? Mfumo wa Melvil Dewey ulichapishwa Marekani mwaka 1876 na unatumika hadi leo, hata kwenye rafu za maktaba zetu za umma. Unaifaa maktaba yenye maelfu ya vitabu vya kila fani. Lakini angalia unavyoigawa fasihi. Nambari za 810 hadi 889 zimekwenda kwa Marekani, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Italia, Uhispania, Kilatini na Kigiriki. Lugha za Afrika zote zimebanwa ndani ya 896, na Kiswahili kikapewa 896.392. Mtu ambaye nusu ya maandiko yake ni ya riwaya, tamthilia na mashairi ya Kiswahili atajikuta ana nambari moja ndefu inayojirudia, isiyomtofautishia Shaaban Robert na Said Ahmed Mohamed. Kosa si la wakutubi. Chombo kilitengenezwa kwa mkusanyiko mwingine. La kuazima kutoka kwao ni lile alilolisisitiza S. R. Ranganathan wa India katika kanuni zake tano za mwaka 1931, kwamba muda wa msomaji uokolewe. Nambari waachie.

Pingamizi zito zaidi ni la simu. Kijana atauliza kwa nini ajisumbue na faharasa wakati anaweza kuandika neno na kutafuta. Ni kweli kwamba kutafuta kwa neno husaidia, na mwenye maandiko yaliyochapwa asiuache utafutaji huo. Lakini utafutaji hupata neno, haupati jambo. Tahakiki ya The River Between iliyoandikwa kwa Kiswahili inaweza kutumia "tohara ya wasichana" mwanzo hadi mwisho, na anayeandika "ukeketaji" ataambiwa hakuna. Simu nyingine hazimtambui Ngũgĩ ukimwandika bila alama zake juu ya herufi. Anayetafuta "Gusii" haletewi "Kisii". Maandishi ya mkono yaliyopigwa picha hayatafutiki kwa urahisi. Na hata neno likipatikana, utapewa kila mahali lilipotajwa, pa maana na pa kupita tu, bila kuambiwa pa kuanzia. Zaidi ya yote, kutafuta kunamfaa anayejua anachokitaka. Mwanafunzi anayeingia akiwa hajui kwamba kuna riwaya za Kikenya kuhusu ardhi hawezi kuchapa jina asilolijua. Lakini akikiona kichwa cha Ardhi kwenye ukurasa, atasimama. Nafasi hiyo ya kukutana na usichokitarajia hailetwi na kisanduku cha kutafutia.

Wengine hutetea tarehe kwa sababu inaonyesha jinsi mwandishi alivyokua. Hoja hii ina uzito, na ndiyo sababu sikushauri kuchana madaftari. Tarehe ibaki kwenye kila andiko, namba zifuate tarehe, na anayetaka kukufuata kuanzia mwanzo afuate namba. Faharasa ni njia ya pili juu ya ile ya kwanza. Vivyo hivyo kwa anayeona haya kwa tahakiki zake za zamani na kutaka kuzifuta kabla watu hawajazikuta. Asifute. Tahakiki dhaifu iliyoeleza vizuri kisa cha kitabu bado ina faida kwa asiyekipata kitabu chenyewe. Kama maoni yamebadilika, aongeze mistari miwili chini yake, yenye tarehe, akisema yamebadilika wapi. Kinachostahili kutolewa njiani ni mambo ya kupita: matangazo ya mikutano ya chama, bei za vitabu, maswali ya kukisia mtihani wa mwaka uliokwisha. Hayo yawekwe kando kwenye bahasha yao bila kuingizwa kwenye faharasa, maana ndiyo humfanya mgeni aone rundo lote limechakaa.

Kwamba kazi ni kubwa kwa jambo linalofanywa kwa kupenda tu, sibishi. Mwalimu mwenye madarasa manne na shamba la chai la kuchumwa asubuhi hataketi siku tatu kupanga tahakiki. Wala haifai afanye hivyo, kwa kuwa anayepanga kwa siku tatu mfululizo huishia kubuni vichwa kwa uchovu. Namba zote zinaweza kuwekwa jioni moja. Baada ya hapo, ziingize kwenye faharasa zile zinazoombwa: kila mtu anapouliza kuhusu kitabu, tafuta andiko lake, liingize, na liingize pamoja na mawili yaliyo jirani nalo kwa mada. Andiko jipya liingie siku ileile linapokamilika, na hapo hapo rudi kwenye la zamani la mwandishi yuleyule uandike chini yake "tazama pia namba 112". Mistari hiyo midogo ndiyo humtembeza msomaji kutoka jipya hadi la kale bila kupitia faharasa kabisa. Mwaka ukiisha, yale ambayo hayajaingia yatakuwa ni yale ambayo hakuna aliyeyauliza, na utaweza kuamua kwa utulivu kama tatizo ni andiko lenyewe au ni kwamba hakuna aliyejua lipo.

Usiitahini faharasa wewe mwenyewe. Wewe utapata kila kitu, kwa kuwa unakijua kilipo. Mpe mtu mwingine daftari la faharasa na swali moja, mathalani, tafuta chochote kuhusu mahari ya Wagusii, kisha nyamaza na utazame anafungua wapi kwanza. Akianzia kwenye Ndoa na kichwa chako ni Mahari, usimweleze. Weka mwelekezo kwenye Ndoa. Watu watatu wa namna hiyo, mmoja wao akiwa mwanafunzi na mmoja akiwa mtu mzima asiye mwalimu, watakufunulia zaidi ya kitabu chochote cha ukutubi.

Kwa vyama vya shule kuna jambo moja zaidi, kwa sababu katibu ni mwanafunzi wa kidato cha nne na Novemba anaondoka. Maarifa ya mpangilio yakiwa kichwani mwake, yataondoka naye. Ukurasa wa kwanza wa faharasa uandikwe maagizo yanayomtosha mgeni: namba hazibadilishwi, majina ya waandishi yaandikwe kama yalivyo kwenye orodha, kichwa kipya kisiongezwe mpaka tahakiki tatu zikihitaji, nakala za picha zimehifadhiwa kwenye simu ya nani na kwenye kompyuta gani. Faharasa ifanywe nakala mbili, moja ikiwa ya karatasi. Na kwa kuwa Katiba ya 2010 iliziweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti, hakuna ubaya kumwendea mkutubi wa maktaba ya umma mjini Kisii, au wa maktaba iliyo karibu nawe, ukamuuliza kama angepokea nakala ya tatu. Akikubali, ipeleke ikiwa na mwaka na toleo kwenye jalada, ili aliyeisoma ajue kama kuna mpya zaidi shuleni.